Siku moja ya kupumzika kando ya bahari: tuipangeje?

Swali: "Mimi na mume wangu tunarudi kisiwani mwezi ujao kwa siku nne. Ni kisiwa cha ukanda wa joto, kina mwamba wa matumbawe mbele yake. Siku tatu zimeshajaa ziara. Ya nne tumeiacha wazi, tukae tu kando ya bahari. Lakini safari iliyopita siku kama hiyo ilituharibikia. Tulifika ufukweni saa nne asubuhi tukakuta maji yamekimbia mbali, tukakaa juani kuyasubiri, na jioni tukarudi vichwa vinauma na mabega yanawaka moto. Mimi sijui kuogelea, na mume wangu hawezi kukaa bila kufanya kitu. Tufanyeje safari hii?"

Dada yangu, mlifika saa mbaya. Mengine yote uliyoyaeleza, jua, kichwa, mabega, hata uchovu wa jioni, yalianzia hapo. Mtu akifika ufukweni saa nne maji yakiwa yamekupwa, ana saa tano za jua kali mbele yake na hana pa kujitosa, kwa hiyo anabaki kusubiri. Kusubiri huku unachomeka hakumpumzishi mtu. Nimekaa miaka mingi katika kazi ya kuwapeleka watu baharini na kuwarudisha salama, na msimamo wangu ni huu: siku ya utulivu kisiwani hupangwa na maji na jua, nyinyi mnafuata tu. Mkishazijua saa za maji, karibu hakuna kitu kingine cha kuamua hadi magharibi, na hapo ndipo akili inapolegea.

Basi tuanze na maji. Bahari huvutwa na mwezi, na kwa nguvu ndogo zaidi na jua. Watu wa pwani walijua tangu kale kwamba maji na mwezi huenda pamoja. Isaac Newton ndiye aliyeeleza mwaka 1687 ni nguvu gani inayofanya hivyo. Katika visiwa vingi vya tropiki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika 12, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50, kwa sababu dunia ikimaliza mzunguko wake mmoja hukuta mwezi nao umeshasogea katika njia yake, ikabidi izunguke zaidi kidogo ili kuufikia. Kama leo yamejaa saa mbili asubuhi, kesho yatajaa saa tatu kasoro dakika kumi hivi.

Si kila mahali pako hivyo. Katika sehemu kubwa ya Karibi maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima asitambue. Tahiti ni ya ajabu zaidi: pale mvuto wa mwezi karibu hauonekani kwa namna maji ya Pasifiki yanavyozunguka, jua ndilo linalotawala, na bahari hujaa karibu na adhuhuri na karibu na usiku wa manane, leo, kesho na mwezi ujao. Lakini kisiwa chenu, kama maji yalikimbia mbali mbele ya macho yenu, hufuata mwezi. Kwa hiyo mnahitaji jedwali la kupwa na kujaa.

Majedwali haya hutolewa na mamlaka za bandari na taasisi za upimaji wa bahari, na siku hizi yamo pia kwenye programu za simu. Chagueni la bandari iliyo karibu kabisa na ufukwe wenu. Mtaona saa nne kwa kila siku, mbili za kujaa na mbili za kupwa, na kando ya kila saa kimo cha maji kwa mita. Mengi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 15:40 ni saa tisa na dakika 40 alasiri. Nimewaona watu wakikosea hapo wakafika ufukweni saa sita nzima kabla au baada.

Sasa tazameni kile kimo, maana kinasema mengi kuliko saa. Siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa na bamvua: maji hujaa sana na kukauka sana, na mikondo hukaza. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana, hayakimbii mbali, na mwendo wake ni wa pole. Wageni wengi husifiwa bamvua kwa sababu mwamba hutoka wote nje na mtu anaweza kutembea mbali. Mimi kwa mtu asiyejua kuogelea, na aliyekuja kupumzika, ningechagua maji mafu bila kusita. Bahari inabaki karibu nawe siku nzima, kina hakibadiliki ghafla, na hakuna haja ya kukimbizana nayo.

Hata hivyo, lazima mjue maji hutembeaje ndani ya zile saa sita, kwa sababu hayaendi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao ya kugawa tofauti ya maji mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Chukulia tofauti ni mita tatu. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 25 tu, utadhani yamelala. Saa ya tatu na ya nne yatapanda sentimita 75 kila moja, yaani zaidi ya sentimita moja kwa dakika. Ni hesabu ya kukadiria, na umbo la pwani linaweza kuibadilisha, lakini inatosha kuwaonya: mtu aliyesimama juu ya fungu la mchanga mbali na ufukwe akasema "bado maji hayajarudi" huwa anaitazama saa ya kwanza, na hajui ya tatu itakuja vipi.

Mume wako asiyeweza kukaa bure mpe kazi hii. Achome kijiti mchangani pale ukingo wa maji ulipofikia, akikate alama kila upana wa kidole, kisha arudi kukitazama kila baada ya nusu saa. Ufukwe ukiwa na mteremko mdogo, maji yakipanda sentimita 25 tu kwa kusimama huweza kusogea mita kumi na zaidi kwa kulala, kwa hiyo kijiti cha kwanza kitamezwa mapema na atalazimika kuchoma kingine juu zaidi, na kingine tena. Ataona mawimbi hayaji sawa: yanakuja madogo kadhaa, halafu kundi la makubwa mfululizo, halafu kimya. Ataona ule mstari wa povu ukiacha alama ya juu kabisa, kisha mawimbi yanashindwa kuufikia, na hapo, kabla ya jedwali kumwambia, atajua maji yamegeuka. Nimewaona watu wa kazi nyingi, wasioweza kuiweka simu chini, wakitulia kwa kijiti kama hicho kuliko kwa kitu kingine chochote. Mkono una kitu cha kufanya na macho yana pa kwenda.

Sasa jua. Kati ya nyuzi 23.5 kaskazini na 23.5 kusini, jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, na siku nyingine halipungui sana. Kipimo cha mionzi ya urujuanimno kilichoanzishwa Kanada mwaka 1992, ambacho sasa hutumika duniani kote, huita 11 na kuendelea "kali kupita kiasi", na visiwa vya tropiki hufika hapo katikati ya mchana bila shida. Hamhitaji chombo. Tazameni vivuli vyenu. Kivuli kikiwa kirefu kuliko mwenyewe, jua liko chini na mwili unastahimili. Kikiwa kifupi kuliko mwenyewe, ngozi inaungua haraka. Karibu na ikweta kivuli huwa kifupi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mlifika saa nne. Mliingia katikati ya saa sita mbaya kuliko zote, na mkaketi.

Wingu jepesi lisiwadanganye, kwa maana linapunguza joto kuliko linavyopunguza mionzi. Maji nayo si ngao: nusu mita chini ya uso wa bahari bado kuna karibu asilimia 40 ya mionzi iliyoko juu. Mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 na povu la bahari hadi asilimia 25, ndiyo maana mtu huungua hata chini ya kidevu akiwa amevaa kofia. Dawa nzuri kuliko zote ni shati la mikono mirefu, mnaloingia nalo hadi majini. Losheni ya kukinga jua ije baadaye, kwa uso, shingo, masikio na sehemu ya juu ya nyayo, na ipakwe tena kila baada ya saa mbili na kila mtokapo majini. Wengi hupaka kidogo mno. Mtu mzima aliyevaa nguo ya kuogea tu anahitaji kama mililita 35 kwa mwili mzima, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda shati. Tena Palau tangu 2020 na Hawaii tangu 2021 zimepiga marufuku uuzaji wa losheni zenye kemikali ya oksibenzoni kwa ajili ya kulinda matumbawe, kwa hiyo someni chupa. Zile zenye zinki oksidi huacha weupe kidogo usoni, nami naona huo weupe ni gharama ndogo sana.

Mkiweka jedwali na kivuli pamoja, siku inajipanga yenyewe. Tuseme maji yanajaa saa tatu u nusu asubuhi na kupwa karibu na saa kumi kasorobo alasiri. Hiyo ni siku ya dhahabu kwenu. Fikeni ufukweni saa moja. Hewa bado ni ya baridi, upepo wa bahari haujaamka, na uso wa maji mara nyingi huwa laini kabisa, kwa sababu usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari na kile kipepo chepesi hutoka nchi kavu kwenda baharini. Katikati ya asubuhi mambo hugeuka: ardhi inapata joto, hewa juu yake inapanda, na ya baharini inaingia kuziba pengo. Mkiwa majini tangu saa moja na nusu hadi saa tatu mtakuwa mmeipata bahari iliyo bora kuliko zote za siku hiyo, na maji yakiendelea kupanda kuwafuata.

Kwa kuwa hujui kuogelea, usisimame, kaa. Tafuta mahali ndani ya mwamba, mchanga mtupu usio na mawe, maji yakufike kifuani ukiwa umeketi. Mwili ukizama hadi kifuani hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, magoti na kiuno vinapumzika, na wimbi dogo linakuinua na kukuweka chini. Uso uelekee baharini daima, usiipe bahari mgongo. Maji yakikufika mabegani, rudi nyuma hatua tano ukae tena. Hiyo yatosha, na usikubali mtu akuambie bahari hujaifaidi mpaka uende kwenye kina. Isipokuwa huyo mume wako awe karibu, macho yake kwako, na kijiti kisubiri.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Maji yanayomwagika juu ya mwamba kuingia ndani hutafuta njia ya kutoka, na njia yao ni ule mlango ulio wazi kati ya mwamba na mwamba. Kutoka ufukweni mlango huo unaonekana kama mstari wa maji ya rangi nzito usio na mawimbi yanayovunjika, na kwa mgeni huonekana ndio mahali patulivu. Sipo pa kukaa, hasa maji yanapopwa, kwa kuwa yote yanakimbilia huko. Kwenye ufukwe usio na mwamba kuna mikondo kama hiyo pia, myembamba, inayorudi baharini katikati ya mawimbi. Atakayevutwa asipambane kurudi moja kwa moja ufukweni. Aelee, apunge mkono, aende pembeni sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye mkondo. Mkikuta walinzi wa ufukwe, kaeni mbele yao.

Na muda wa kutoka majini ukifika, tokeni. Bahari ya nyuzi 28 huonekana ya vuguvugu, lakini bado iko chini ya joto la mwili, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi kama mara 25 kuliko hewa. Mtu huweza kukaa saa mbili akijiona yu raha, kumbe mwili umefanya kazi muda wote. Juu ya hayo, maji yanapoubana mwili damu husukumwa kuelekea kifuani, figo zikadhani maji ya mwilini yamezidi na kuanza kuyatoa. Ndiyo maana watu hubanwa na mkojo wakiwa baharini, na ndiyo maana hutoka na kiu wasiyoijua. Kichwa chako cha safari ile naamini kilitokana na kiu ya namna hiyo kwa sehemu: mlipoteza maji kwa jasho na upepo huku chumvi ikikauka juu ya ngozi. Kunyweni kabla hamjasikia kiu, kidogo kidogo, na mle kitu chenye chumvi kidogo pamoja na matunda.

Kuanzia saa tatu na nusu hadi saa nane na nusu hamna kazi ufukweni. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo watu hurudia kosa: wamelipa nauli kuja baharini, wanaona aibu kuingia kivulini. Ingieni. Kivuli cha mti wenye majani mapana na mazito kinashinda mwavuli, na mwavuli unashinda nguo iliyotandazwa. Chini ya mnazi msikae, nazi ikidondoka haina onyo. Karibi kuna mti unaoitwa manchineel, wenye matunda yanayofanana na tufaha dogo la kijani, na utomvu wake huunguza ngozi. Hata matone ya mvua yanayopita kwenye majani yake yana madhara, kwa hiyo huko ulizeni kwanza. Penye mvinje ni pazuri mno kwa sikio, upepo ukipita katika yale majani yake membamba hutoa mvumo unaokaribiana na wa mawimbi.

Lala. Si lazima usingizi uje. Jinyooshe, miguu iwe juu kidogo kuliko moyo, nguo yenye maji baridi shingoni, simu mbali. Tazama maji kwa mbali. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba kuna vitu vinavyolishika jicho bila kulilazimisha, kama mawingu, majani yanayocheza, maji yanayotembea, na kwamba umakini uliochoka kwa kazi hupona mbele ya vitu vya aina hiyo. Nami nimeona kwa macho yangu kwamba hauponi kwa dakika kumi. Saa ya kwanza mtu bado anapanga mambo ya nyumbani. Ya pili anaanza kunung'unika kwamba hakuna cha kufanya. Mkivuka hiyo ya pili, mmefika. Wengi huikatisha kwa kwenda kukodi chombo au kutafuta ziara, na ndiyo sababu ninasisitiza msiwe na mpango wowote mwingine wa siku hiyo, hata mmoja mdogo.

Kama akili inataka kitu cha kushika, ishikeni mchanga wenyewe. Chukua kiganja kimoja, kimwage juu ya nguo nyeusi, uinamie. Ufukwe mweupe wa kisiwa cha matumbawe si mawe yaliyosagika. Utaona vipande vya kombe, vijiti vidogo vya matumbawe, maganda ya viumbe wadogo yenye vitundu. Na sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Samaki huyu hukwangua mwamba kwa meno yake yaliyoungana, husaga alichokwangua kooni, akachuja chakula na kutoa mabaki yakiwa mchanga. Utafiti uliofanywa katika kisiwa cha Vakkaru huko Maldivi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa kwenye mwamba wake ulitoka kwa pono. Ukizamisha masikio yote mawili majini asubuhi ile, utawasikia: sauti ndogo kavu ya kukwangua, tak, tak, pamoja na mchakato usiokoma wa kamba wadogo wenye gando la kupiga.

Mawimbi nayo yana safari zake. Yale marefu, yanayokuja kwa nafasi na bila upepo wowote mahali mlipo, yamezaliwa na dhoruba za mbali. Mwaka 1963 Walter Munk na wenzake walipanga vituo vya vipimo kuvuka Pasifiki, wakayafuata mawimbi ya dhoruba za bahari ya kusini hadi Alaska, zaidi ya kilomita 10,000. Mume wako ahesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi: zikiwa 12 au zaidi, huyo ni mgeni wa mbali, zikiwa tano au sita, ni upepo wa hapahapa.

Saa nane na nusu vivuli vinaanza kurefuka. Subirini kidogo, kisha saa tisa mtoke kwenye mchanga uliofunuka. Kanuni ni moja: nendeni nje maji yakiwa bado yanapwa, na mgeuke kurudi saa ya kupwa iliyoandikwa kwenye jedwali, hata kama yanaonekana yamelala. Vaeni viatu vyenye soli ngumu. Msikanyage matumbawe hai, pitieni kwenye mchanga, na buruzeni miguu badala ya kuinua, ili samaki taa aliyejifukia asikie na kuondoka. Yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe lenye kutu, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ndiye sababu ya soli. Akichomwa mtu na yeye au na samaki taa, jeraha lizamishwe katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, karibu nyuzi 45 bila kuzidi, maana sumu hiyo hudhoofishwa na joto, na apelekwe kwa daktari. Makombe yenye umbo la pia yenye michoro mizuri msiyaokote, mengine yana mwenyewe ndani anayechoma, na spishi chache zinaua.

Hamhitaji kwenda mbali. Tafuteni kidimbwi kimoja kilichobaki kati ya mawe, ukubwa wa sinia, mchuchumae upande ambao vivuli vyenu havikiangukii. Dakika tano za kwanza hakina kitu. Halafu kombe moja linatembea, ni kaa mdogo aliyejivika nyumba ya mwingine. Kamba asiye na rangi, ambaye unamwona kwa kivuli chake tu, anaanza kusafisha mikono. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, kilichoonekana kimeganda kinasogea. Ukiweza kuona upande wa chini, ni mamia ya vijimguu laini vinavyovuta na kuachia kwa zamu. Msikitoe majini kupiga nacho picha. Kikae.

Kuhusu upande gani wa kisiwa: visiwa vya tropiki hupigwa na pepo za msimu au pepo za kudumu kutoka upande mmoja kwa miezi mfululizo. Upande wa upepo una hewa nzuri na mawimbi. Upande wa kisogo una maji tulivu na joto zaidi. Kwa ajili yako wewe chagueni kisogo cha upepo, mkalipie utulivu wa maji kwa jasho kidogo la adhuhuri.

Jua la tropiki huzama wima, na giza huingia upesi, chini ya nusu saa mara nyingi. Kwa hiyo vitu viwe vimeshafungwa kabla halijazama, ndipo mkae mtazame bila haraka ya kutafuta viatu gizani. Mkitembea ufukweni usiku msiwashe tochi kuelekea mchangani kama kasa hutaga huko, maana mwanga huwafukuza majike na kuwapoteza watoto wanaotafuta bahari. Nendeni kwa mwanga wa mwezi. Tena gizani, mkikoroga maji kwa mkono, huenda yakawaka cheche za buluu: ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hutoa mwanga wakisukwasukwa.

Sasa rudini kwenye lile swali la siku ya nne, kwa sababu hapo ndipo nina wasiwasi. Kutoka siku ya kwanza hadi ya nne, saa za maji zitakuwa zimesogea mbele kama saa mbili na nusu. Kama siku ya kwanza yanajaa saa moja asubuhi, ya nne yatajaa saa tatu u nusu, na mko salama. Lakini kama ya kwanza ni saa tatu u nusu, ya nne ni saa sita mchana: mtakuwa na maji mengi jua likiwa utosini, na mapema asubuhi yatakuwa bado mbali. Siku ya namna hiyo bado inafaa, ila igeuzeni. Matembezi ya mwambani yawe jioni, mkianza maji yakiwa bado yanapwa na kurudi yakigeuka au jua likikaribia kuzama, lolote litakalotangulia. Adhuhuri mlale kivulini. Na kuoga kuwe saa tisa, maji yakiwa yameshuka nusu, mkae mbali na ule mlango wa mwamba. Ila ningependa mpate ile ya dhahabu. Fungueni jedwali leo, linganisheni siku zote nne, na kama siku ya pili ndiyo yenye maji ya saa mbili au saa tatu asubuhi, waombeni wenye ziara wawasogezee ya siku hiyo kwenda ya nne. Safari ni mwezi ujao, muda wa kubadilisha hilo bado mnao.